Siku Waliyokuja Kuchungulia Pua Yangu

Daktari wa Dodoma alinipa masharti manne baada ya kunipasua pua. Kwa wiki mbili nisiiname, nisipenge kamasi, nisikae kwenye moshi, na chafya ikija niipige mdomo ukiwa wazi. Mama aliyasikiliza yote. Tulipofika nyumbani Ilongero akaongeza la tano.

"Na usimwambie mtu."

Hilo la tano lililetwa na Peniel. Peniel anauza dagaa sokoni Singida mjini, na alikuwa ameshasema kwao kwamba ananitaka. Siku ya tisa baada ya upasuaji, shangazi yake na bibi yake wangekuja kunitazama. Wakiridhika, barua ya posa inaletwa. Wasiporidhika, basi.

"Wakisikia umepasuliwa watasema tunawapa mgonjwa," mama alisema.

"Lakini mama, nimepona."

"Umepona ndani. Huko ndani nani anakuona?"

Nilikuwa nimeumwa kweli. Miaka saba mafua hayakuniacha. Shule niliachia darasa la tano, maana kila nikiinamia daftari uso mzima uliuma kama umekandamizwa na jiwe. Harufu nilikuwa sisikii kabisa. Wenzangu walinicheka, "Ndiyo maana unampenda muuza dagaa." Nami nikawa nacheka nao.

Daktari alituambia kuna vyumba vidogo vya hewa nyuma ya mashavu na paji la uso, na vyangu milango ilikuwa imeziba. Walinilaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha puani kijiti chembamba chenye taa na kamera, akaifungua ile milango huku akitazama kwenye televisheni. Nje hakuacha kovu hata moja. Mama alifurahi sana, ushahidi haukuwepo.

Wageni walifika saa tano kwa bodaboda moja. Bibi Leah alikuwa amebanwa katikati ya dereva na Shangazi Magreth, na Shangazi Magreth ni mtu mkubwa. Bibi alishuka akajinyoosha kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

Kwetu msichana huwaamkia wakubwa kwa kupiga magoti na kuinamisha kichwa. Magoti nilikuwa nayo, tatizo lilikuwa kichwa. Nikashuka wima, polepole, kama niliyebeba ndoo ya maji, macho kwenye bati.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo bibi."

"Marahaba." Shangazi Magreth naye akatazama juu kwenye bati. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Sasa mbona unamwamkia popo?"

"Labda ni shingo," Bibi Leah akasema.

"Shingo nzima kabisa!" mama akadakia, akanipa jagi na beseni niwanawishe.

Kunawisha bila kuinama ni kazi. Nilimimina maji kutoka juu, usawa wa kifua, yakagonga beseni yakaruka yote kwenye gauni la Shangazi Magreth.

"Huyu ananinawisha au ananimwagilia? Mimi ni alizeti?"

Mama alicheka peke yake, kisha akakimbilia jikoni kumtazama kuku aliyekuwa motoni. Nikabaki nao. Bibi Leah akafungua kopo lake la ugoro, akavuta, akakung'uta vidole. Vumbi likanifuata. Nilitaka kuibana ile chafya, nikakumbuka sharti. Nikaachama mpaka taya ikalia.

"Haaaa-CHIAAA!"

Kopo la bibi likaruka. Shangazi Magreth akajifuta uso taratibu, akachukua mkoba wake, akamgeukia Bibi Leah.

"Mama, twende zetu. Kuamkia hajui, kunawisha hajui, na sasa anatupigia chafya ameachama kama kiboko. Peniel atatafutiwa mwingine."

Mimi nikiulizwa jina mbele za watu hukitajia kidole changu cha mguu. Lakini nilipouona ule mkoba unaelekea mlangoni, sauti ilitoka yenyewe.

"Nimepasuliwa pua!"

Mama akaja mbio, mwiko mkononi, amechelewa. Nikasema yote: Dodoma, vyumba, kamera, masharti.

"Mbona hakuna kovu?" Shangazi Magreth akauliza.

"Ni ndani, shangazi."

"Ndani wapi? Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kigoda. Akawasha tochi ya simu, akainama akachungulia.

"Naona giza tu."

"Sogea na mimi nione," Bibi Leah akasema.

"Mama, miwani umeiacha nyumbani Utemini."

"Pua ya kutazama kwa miwani ni pua gani?"

"Hata mimi sijawahi kuiangalia," mama akasema, naye akaingiza kichwa. Wakawa watatu wanasukumana chini ya pua yangu.

Hapo ndipo kitu kiliponiingia. Kwanza ugoro, mkali. Halafu losheni ya shangazi, tamu mno. Halafu kitu cha tatu, nilichokikumbuka tangu utotoni.

"Kuku anaungua!"

"Nani?" mama akauliza.

"Kuku, mama! Kuku!"

Tukakimbia wote, mimi nikaishia mlangoni kwa sababu ya moshi. Upande mmoja wa kuku ulikuwa mkaa, mwingine ulikuwa salama. Shangazi Magreth alilitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Pua tatu nzima hazikusikia," akasema. "Imesikia hii iliyopasuliwa."

"Na Peniel anavyounguza maharage," Bibi Leah akasema.

"Barua italetwa," shangazi akasema. "Nipeni paja la upande huu mzima."

Wakati wa kuondoka bibi alinivuta pembeni. "Huyo daktari wako, akinifungua mimi, ugoro utaingia zaidi?"

Jumapili Peniel alikuja mwenyewe, katokea sokoni moja kwa moja. Akakaa karibu yangu, akatabasamu.

"Pua inaendeleaje?"

Nikavuta pumzi nimjibu. Mungu wangu. Dagaa wa miaka mitatu walikuwa wamehamia kwenye lile shati. Machozi yakanitoka.

"Unalia kwa furaha?"

Mama, pale alipokuwa anachambua mchele, aligeukia ukutani, mabega yakimcheza. Nikalikumbuka sharti lake la tano.

"Ndiyo," nikamwambia Peniel, nikaanza kupumulia mdomo.