Baraza la Mchangani

Mto wa kule Matinyani huficha maji chini ya mchanga. Unachimba shimo, unakaa, unangoja yajikusanye. Katika kungoja huko ndiko watoto wa shule walikoanzisha mchezo wa baraza la kuamua kesi. Nzuki alikuwa Chifu kwa sababu moja tu: shimo lilikuwa lake. Pale mtoni aliyechimba ndiye msemaji, wengine huteka akipenda. Ukimkasirisha, unarudi nyumbani na mtungi mkavu.

Mumbua, mgeni kutoka Makindu, alitupiwa kazi iliyokataliwa na wote: mshtakiwa. Kila jioni, mwizi wa mbuzi.

"Uliiba?" Nzuki alinguruma, kofia ya katoni ikimfika puani.

"Niliiba, mheshimiwa. Lakini mbuzi mwenyewe alinibembeleza. Alisema kwa Chifu chakula ni matusi matupu."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nzuki hakucheka.

Kesho yake Mumbua alifanya jambo ambalo Nzuki hakuwahi kulifikiria. Alimuuliza Kiema, askari wa kusimama tu kama nguzo, "Wewe ungependa kuwa nani?"

"Daktari wa mbuzi," Kiema akanong'ona.

Akawa. Wengine nao wakaulizwa. Kabla wiki haijaisha, Nzuki akitoa mzaha, watu walimtazama Mumbua kwanza ndipo wacheke.

"Mahakama imeamua!" Nzuki alifoka. "Mumbua, umefukuzwa! Usiguse shimo langu tena. Kachimbe lako, kinyago wewe!"

"Asante, mheshimiwa."

Akaenda upande wa pili wa jiwe, akachimba. Nzuki alikuwa bado anachekelea alipomwona Kiema anabeba mtungi wake kuelekea kule.

"We Kiema! Askari wa nani wewe?"

"Wa mwenye shimo," Kiema alijibu bila kugeuka. "Na sasa mashimo ni mawili."

Wakamfuata wote. Shimo la Nzuki likajaa pomoni, na hakuna mtu wa kumnyima. Kicheko kilivuka jiwe kikamfuata alipokaa. Mwishowe aliwaendea, kofia kwapani.

"Mnahitaji chifu?"

"Tunaye," alisema Mumbua.

"Hakimu je?"

"Tunaye." Akampima toka juu hadi chini. "Ila mbuzi aliyeibwa bado hajapatikana."

Nzuki aliangalia nyuma kule kwenye shimo lake, kisha akashuka kwa magoti na mikono.

"Mee," akasema, meno yameumana kwa chuki.

"Daktari," Mumbua akamgeukia Kiema, "ndiye huyu?"

Kiema akainama, akamkagua masikio.

"Sauti haina adabu. Arudie."