Waliomsubiri Hana Aseme

Hana binti Hilal hakuwa na nia ya kusoma Kiitaliano. Alipoomba nafasi ya chuo kikuu huko Riyadh aliweka tafsiri ya Kiingereza mbele, Kifaransa kikafuata, na Kiitaliano akakitia mwisho kabisa kwa kuwa nafasi ilikuwa tupu na hakupenda kuiacha hivyo. Ndiko alikopelekwa. Baba yake, aliyekuwa na duka la vitambaa Balad, mjini Jeddah, aliusoma ujumbe kwenye simu, akausoma tena, kisha akauliza, "Fasihi ya Kiitaliano? Ya kumsomea nani?"

Hana hakumjibu. Si kwamba alikosa jibu. Hana alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, tena kibaya. Neno lilimjia zima, likafika kwenye meno likagoma hapo hapo, na kadiri watu walivyomkazia macho ndivyo lilivyozidi kugoma. Skuli walimu walimwambia, "Yalla, yalla, sema!" Wanafunzi wenzake walimmalizia maneno, mara nyingi siyo aliyoyakusudia, naye akatikisa kichwa kukubali ili yaishe. Kaka yake Rayan ndiye aliyegeuka kuwa ulimi wake. Dukani, kwa daktari, kwenye simu, Rayan alisema na Hana akasimama nyuma yake. Alifanya hivyo kwa mapenzi, bila kuombwa na mtu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kummalizia neno. Ni Bibi Mashavu, mama wa baba yake, aliyetoka Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa msichana mdogo na hakurudi tena. Bibi alikuwa akichagua mchele sebuleni, Hana anahangaika na neno, na bibi anaendelea kuchagua mchele wake.

"Sema taratibu, mwanangu," alizoea kumwambia. "Mie siendi pahala."

Kwa bibi, na kwa Kiswahili cha bibi, Hana aliweza kusimulia kitu mpaka mwisho.

Huko Riyadh alifikia kwa shangazi yake, katika fleti ya mtaa wa Malaz. Siku ya kwanza darasani alikaa nyuma, karibu na mlango. Mwalimu wao, Daktari Nawal, alikuwa mwanamke wa Kijeddah, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyesoma Italia kwa miaka mingi. Aliwagawia shairi la kale la mistari kumi na minne, akamtaka kila mmoja asome mstari wake kwa sauti, hata kama haelewi kitu.

Hana aliuona mstari wake ukimjia kama mtu anayeliona gari linakuja na miguu haimtii. Aliwaza kukohoa. Aliwaza kutoka. Zamu ilipofika akafungua kinywa, na mstari ukatoka. Ulitoka wote, silabi kwa silabi, kila neno likiishia kwenye irabu, a, e, i, o, sawasawa na maneno ya nyumbani kwa bibi yake. Msisitizo nao ulikaa pale pale ulipokaa kwenye Kiswahili, karibu na mkia wa neno. Hana aliunyanyua uso, asiamini kwamba aliyesoma ni yeye.

"Vizuri sana," alisema Daktari Nawal. "Na unadhani mshairi anamlalamikia nani?"

Hapo kigugumizi kikarudi na mizigo yake yote. Kusoma kwa mahadhi ni jambo moja na kujibu swali ni jingine. Hana alikwama kwenye herufi ya kwanza, na msichana wa mbele akageuka, akasema, "Daktari, nadhani anataka kusema..."

"Sijakuuliza wewe unadhani nini," alisema Daktari Nawal kwa upole. Akakunja mikono juu ya kitabu chake, akamtazama Hana kama vile hakuna shughuli nyingine mjini kote. Hana alihangaika, akapumua, akaanza upya, na mwishowe akalitoa jibu lake: mshairi anajilalamikia mwenyewe. Mwalimu akaitika kwa kichwa, akaandika jibu lile ubaoni.

Siku ile Hana alilia ndani ya teksi, na dereva akadhani amefiwa.

Basi akaanza kusoma kwa hamu aliyokuwa haijui. Alijifunza kwamba shairi lile la mistari kumi na minne lilizaliwa katika kisiwa cha Sisili, ambako Kiarabu kilikuwa kimesemwa kwa karne nyingi na mwangwi wake ulikuwa bado haujapotea. Alijifunza kuwa palikuwa na wakati ambapo mtu msomi wa Italia aliandika kwa Kilatini tu, mpaka wakatokea wachache walioamua kuandika mambo makubwa kwa lugha waliyogombezewa na mama zao. Daktari Nawal alipoyaeleza hayo Hana alicheka peke yake darasani. Kwao pia Kiarabu kilikuwa cha skuli na cha karatasi za serikali, na Kiswahili kilikuwa cha kugombezwa, cha kubembelezwa, cha kuitwa uje ule.

Ili kufanya mazoezi alipanda juu ya paa la jengo, alasiri, jua likishapungua makali, akasoma mashairi kwa sauti katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Siku moja akasikia mtu anacheka nyuma ya shuka. Shuka ikavutwa, akatokea mwanamke na beseni kiunoni.

"Pole, nimekuingilia," alisema yule mwanamke kwa Kiswahili cha Kenya. "Nimesimama hapa naskiza nikidhani ni Kiswahili. Masikio inaniambia naelewa, halafu sishiki kitu! Hiyo ni lugha gani?"

"Ki-ki-kiitaliano," alisema Hana.

"Na wewe unaitwa nani?"

"Hana."

"Hana? Hana nini?"

Swali lile angeulizwa na mtu mwingine lingemuumiza. Lakini yule mwanamke alikuwa anacheka kwa moyo mweupe, na Hana akajikuta anamjibu, "Hana sauti."

"Ati hana sauti, na nimekuskia kutoka kwa ngazi!"

Aliitwa Jerusha, mtu wa Nyamira. Alifanya kazi kwenye familia moja ya ghorofa ya chini, na kuanika nguo ndiyo nafasi yake ya kupunga upepo. Madam wake hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ile ilikuwa na watoto wengi na hakuna aliyesema lugha yake, kwa hiyo Kiswahili cha Hana, ingawa kilikuwa cha kukatika katika, kilimfaa sana. Tangu siku ile Hana alisoma na Jerusha akaanika. Kisha Jerusha akadai aelezwe.

"Sasa huyu jamaa anasema nini?"

Na Hana akaeleza. Ilimbidi ayatoe mashairi kwenye Kiitaliano ayatie kwenye Kiswahili cha kueleweka na mtu mwenye vibanio mdomoni, na katika kuhangaikia maana alisahau kuhangaikia ulimi. Alikwama, ndiyo, alikwama kila mara. Jerusha alingoja akikung'uta foronya. Akishasikia, alibisha.

"Ngoja kwanza. Huyu mwanaume anamsifu huyu msichana maisha yake yote, macho yake, vile anatembea, na hajawahi hata kumwambia habari yako?"

"Ndiyo. Wa-wakati ule ndivyo walivyoandika wengi."

"Aki ya Mungu, huyo hakuwa anataka mke. Alikuwa anataka mashairi."

Hana alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alilipeleka wazo lile darasani kwa maneno yake mwenyewe, akasema limetoka kwa rafiki yake, na wakalijadili kipindi kizima.

Mwaka wa nne ukafika, na pamoja nao utafiti wa mwisho. Hana aliandika juu ya washairi waliofukuzwa katika miji yao, wakafia ugenini. Kuandika hakukumpa tabu. Kilichomnyima usingizi ni kwamba utafiti ule ulipaswa kutetewa kwa mdomo, kwa Kiitaliano, mbele ya meza ya watahini. Akaenda ofisini kwa Daktari Nawal kuomba aruhusiwe kujibu kwa maandishi.

"Ruhusa ipo, na ni haki yako," alisema mwalimu. "Ukiniambia sasa hivi, nitaiomba leo. Lakini usinifiche jambo moja. Unaogopa kukwama, au unaogopa nyuso zao ukikwama?"

Hana alifikiri. "Nyuso," alisema.

"Basi nyuso zao ni kazi yao, si yako. Nenda ukaamue. Lolote utakaloamua nitakuwa upande wako."

Alimpigia bibi yake simu Jeddah. Bibi Mashavu aliuliza watu wa kumsikiliza ni wangapi. Watatu, Hana akamwambia.

"Watatu tu? Na wamelipwa kukusikiliza? Basi wakae wasikilize, mwanangu. Hao hawana pa kwenda."

Hana akaamua kusema.

Siku yenyewe Rayan alisafiri kutoka Jeddah ili awe nje ya mlango. Ndani walikaa Daktari Nawal, mwalimu mwingine wa idara, na profesa mgeni kutoka Italia, mzee mwenye miwani minene na tabasamu la huruma. Hana alianza vizuri. Maelezo ya mwanzo alikuwa ameyarudia juu ya paa mpaka Jerusha akawa anaweza kuitikia mwisho wa sentensi. Mambo yalibadilika pale profesa mgeni alipouliza swali ambalo halikuwa kwenye matayarisho.

"Niambie, binti. Mji umemfukuza mtu, umemtishia kifo akirudi. Kwa nini basi anaandika kwa lugha ya mji ule ule? Mbona asiuchukie?"

Hana alikuwa na jibu. Alilihisi limejaa kifuani. Alifungua kinywa kutaja neno la uhamisho, na neno likagoma. Irabu ya mwanzo ikaganda kooni. Profesa mgeni, kwa nia njema kabisa, akainama mbele, akamtajia neno lile, halafu akaanza na sentensi iliyofuata, akimjibia swali aliloliuliza mwenyewe.

Miaka yote Hana alikuwa ametikisa kichwa kukubali mahali kama hapo. Sasa alimwona Daktari Nawal ananyanyua mkono ili amzuie yule mzee. Hana akamtangulia.

"Sa-samahani, profesa," alisema. "Jibu ninalo. Naomba unisubiri."

Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo maishani mwake. Kuna waliomsubiri na kuna wasiomsubiri, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuomba. Mzee akafunga mdomo, akarudi nyuma kwenye kiti.

Hana akapumua, akaanza tena. Alisema kwamba yeye ana bibi. Bibi huyo alitolewa katika kisiwa chake akiwa msichana, usiku, bila hata kufunga mizigo. Nyumba ilibaki, makaburi ya wazee yalibaki, hata paka alibaki. Amekaa Jeddah zaidi ya miaka sitini, amezaa huko na amezika huko, na mpaka leo akijigonga kidole analia kwa lugha ya kisiwa chake. Kwa nini asiichukie? Kwa sababu lugha haikumfukuza. Waliomfukuza ni watu, na watu wale hawakuwa wenye lugha peke yao. Washairi hawa nao, Hana alisema, walinyang'anywa mji wakabaki na lugha, na kila walipoandika walikuwa nyumbani.

Alikwama mara nyingi katika maneno yale. Hakuna aliyemmalizia hata moja.

Profesa mgeni alivua miwani, akaifuta, akachukua muda kuivaa. "Nisamehe kwa kukukatiza," alisema. "Ningelikosa jibu hili."

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza, alikuwa wa nne, na matokeo yalipotangazwa barazani alimkumbatia Daktari Nawal kwa nguvu mpaka kalamu ya mwalimu ikadondoka. Alitaka kumshukuru kwa maneno mazuri aliyoyapanga wiki nzima. Akakwama. Daktari Nawal akamngojea, na neno lililotoka mwishowe lilikuwa moja tu, asante, nalo likawatosha wote wawili.

Katika safari ya kurudi Jeddah Rayan aliendesha gari mpaka Riyadh ikabaki mbali nyuma yao. Kisha akauliza, macho yakiwa barabarani, "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia sauti yako, na mwalimu wako akanieleza kwamba ulimwambia yule mzee asubiri. Hana, mimi nilikukosea? Miaka yote ile ya kukusemea?"

Hana alimgusa bega. "Wewe ulinipa pa kupumzikia, ka-kaka. Bila wewe ningechoka zamani, nisingefika Riyadh. Nakushukuru."

Rayan akajidai vumbi limemwingia jichoni, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nyumbani Bibi Mashavu alikuwa amepika biriani ya watu wengi kuliko waliokuwepo. Hilal, yule aliyeuliza fasihi ya Kiitaliano ni ya kumsomea nani, aliwaita wauza duka wenzake wa Balad, akawaeleza kwamba binti yake ameongea Kiitaliano mbele ya Mtaliano mpaka Mtaliano akaomba radhi. Kila alipoisimulia habari ile iliongezeka kidogo. Hana alimwacha aisimulie. Akaingia chumbani kwa bibi, akasali rakaa mbili za shukrani, na alipotoa salamu akabaki kwenye mswala akiwataja mmoja mmoja waliomfikisha pale, bila haraka.

Baadaye idara ilimchukua kusaidia darasa la mwaka wa kwanza. Kigugumizi anacho hadi leo. Siku ya kwanza huwaambia wanafunzi wazi wazi kwamba atakwama, na kwamba nao wakikwama atawasubiri.

Jerusha alimaliza mkataba wake, akarudi Nyamira, akafungua kibanda cha chakula. Zamani Hana alikuwa hampelekei mtu ujumbe ila wa kuandika. Sasa humtumia Jerusha sauti yake, akimsimulia Riyadh, shangazi, wanafunzi, na shairi la wiki hiyo. Jerusha hujibu jioni, masufuria yakilia nyuma yake.

"Wee Hana, hii voice note ni ndefu kama mahubiri ya Jumapili," alimwambia juzi. "Lakini nimeskiza yote nikiosha vyombo. Sasa niambie, huyo wa leo naye alimsalimia msichana ama bado?"