Ngumi za Dereva

Dereva wa basi la shule alipoanguka katika chumba cha sindano, walioshuhudia walikuwa wawili tu, lakini waliosimulia walikuwa umati. Alikuwa amekanyaga msumari wenye kutu, akaenda kuchanjwa dhidi ya pepopunda. Mpishi wa shule, aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, alirudi jikoni akasema kwamba mtu huyo alirusha mikono, macho yakapinduka, na povu likamtoka. Mikono na macho aliviona. Povu lilipatikana njiani.

Mwalimu mkuu hakucheka pamoja na waliocheka. Alikuwa mjane, mtu wa kanuni, na dereva huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Angemwonea huruma, wazazi wangesema anamkingia kifua shemejiye. Zaidi ya hayo, kifafa kikimshika mtu sokoni, huanguka peke yake. Kikimshika kwenye usukani, huanguka na watoto wa watu.

Akamwita ofisini, akamuuliza ni ugonjwa gani anaouficha. Dereva akajibu kwamba hana ugonjwa. Ni sindano tu, tangu utotoni. Akiiona ikiingia mwilini, au akiiona damu yake ikitoka, masikio huvuma, macho huingia giza, akajikuta chini. Baada ya muda mfupi huinuka mzima. Mwalimu akamwambia kwamba kila mwenye jambo husema ni dogo. Uchunguzi wa afya wa madereva ulikuwa karibu, na kipimo cha damu kilikuwa sehemu yake. Yeye mwenyewe angekuwapo. Dereva akianguka tena, atafute kazi nyingine. Hadi siku hiyo fundi wa shule ndiye angeendesha basi, na yeye aliye dereva angelisafisha.

Basi fundi akapata la kusema. Akampachika jina Bwana Ndoo, na kila asubuhi akamwuliza kama sindano ya kushonea nayo humlaza.

"Ya kushonea hainitafuti mimi," dereva alimjibu siku moja, akaendelea kufuta kioo.

Dirisha la ofisi lilitazama maegesho, naye mwalimu mkuu akawa halipi mgongo. Alasiri moja alimwona shemejiye ameketi peke yake ndani ya basi, matambara yamewekwa kando. Ngumi zilikuwa zimekazwa, mishipa ya shingo imetutumka, uso umeiva. Kisha akalegea, akavuta pumzi. Halafu yakaanza upya. Mwalimu akarudisha pazia ili asionekane. Kumbe kifafa humjia, aliwaza, naye hujificha humo akingoja kipite. Kesho yake aliyaona yale yale. Hakumuuliza, kwa maana aliamini kwamba aliyeficha mara ya kwanza hashindwi na ya pili.

Siku ya uchunguzi ilipofika, alivuta kiti hadi kando ya kitanda cha zahanati. Muuguzi alikuwa yule yule aliyempokea dereva alipoanguka, na hilo pia halikumpendeza. Wawili hao walisalimiana kama watu waliokwisha kuonana zaidi ya mara moja. Dereva akalala chali bila kuambiwa, akageuza uso ukutani, akanyoosha mkono mmoja. Muuguzi akafunga mpira juu ya kiwiko. Ndipo miguu ya dereva ilipokakamaa, ngumi ya mkono wa pili ikajikunja, na shingo ikatutumka.

Mwalimu akasimama. "Acha, muuguzi. Kifafa kinamwanza."

"Hakuna kilichomwanza, mwalimu. Hiyo nimemfundisha mimi."

Akaeleza, bila kuuachia mkono wa mgonjwa wake, kwamba wako watu ambao mwili wao, ukiona sindano, hushusha nguvu ya damu ghafla; kichwa kikaikosa, wakazimia. Mtu akikaza miguu na mkono usiochomwa, damu hupanda tena.

"Na nitajuaje kwamba hamkupatana?"

"Aliyeshikwa na kifafa hasikii amri. Mwamrishe wewe."

Mwalimu akamtazama muuguzi, kisha akamtazama aliyelala.

"Legeza," alisema.

Dereva akalegea.

"Kaza."

Akakaza. Mwalimu akamwamrisha tena, safari hii katikati ya pumzi, kwa nia ya kumnasa, naye akatii. Sindano ikaingia. Midomo ya dereva ikapauka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ile ngumi ikaanza kufunguka yenyewe.

"Kaza, shemeji," mwalimu alisema, na neno hilo alikuwa hajalitamka tangu siku ya msumari. "Kaza, nimesema."

Ngumi ikajikunja tena. Kichupa kikajaa, sindano ikatoka, pamba ikawekwa. Uso wa dereva ulipoanza kurudia rangi yake, alisema bado akiutazama ukuta:

"Mwalimu, nilegeze sasa?"

"Sijakuruhusu."

Daktari alimpima dereva, akamhoji muuguzi pia juu ya anguko la kwanza, akasema haoni dalili ya kifafa. Fundi akarudi kwenye spana zake, na dereva akarudishiwa usukani.

Asubuhi ya kwanza, kabla basi halijaondoka kwenda kuwachukua watoto, mwalimu mkuu alipanda, akaketi kwenye kiti kilicho nyuma ya dereva, mkoba juu ya magoti, macho yakiwa kwenye shingo yake. Dereva akamwona kwenye kioo.

"Unashukia wapi, mwalimu?"

"Nitakapokuamini. Tazama barabara."