Mikono Nyuma ya Kichwa

Kwetu mtoto haruhusiwi kuweka mikono miwili kichwani. Hiyo ni ya mfiwa. Mama aliyepoteza mtoto, mke aliyepoteza mume, ndiye anayejitwika mikono yake mitupu na kulia. Mtoto akifanya hivyo kwa mchezo, mtu mzima yeyote aliye karibu atamwambia, "Shusha mikono, unamlilia nani?" Wazee wetu walikuja na desturi hiyo kutoka Rwanda, na hapa Nyakakika bado tunaifuata.

Mjukuu wangu Nikuze yuko darasa la sita. Ana mikono mirefu kama ya mama yake, binti yangu Niyonsaba, ambaye alikuwa akiendelea kulima maharage wakati wanaume wameshakaa kivulini. Mwalimu Avelina, anayefundisha michezo shuleni, aliiona mikono hiyo, akamchagua Nikuze awe ndiye anayerusha mpira ukitoka pembeni. Mwaka jana alirusha vizuri sana. Watoto wa shule nyingine walikuwa wanarudi nyuma wakimwona anauokota mpira.

Halafu Niyonsaba akaugua. Walimtibu hospitali, kisha wakasema turudi naye nyumbani. Daktari aliniletea kiti kwanza, akangoja nikae, ndipo akaniambia tumpe chakula anachokitamani na tukae naye karibu. Sijamsahau kijana yule kwa ajili ya kile kiti.

Nikuze hatukumwambia. Lakini mtoto anayemwosha mama yake miguu kila jioni anaona jinsi inavyopungua.

Siku moja alikuwa uani anafanya mazoezi ya kurusha, mama yake amelala ndani. Wifi yangu Nyirabahire, dada wa marehemu mume wangu, akatokea shambani na jembe begani. Akamkuta mtoto ameinua mikono, mpira uko kisogoni.

"We Nikuze! Shusha mikono! Unamlilia nani, na mama yako bado anapumua humo ndani?"

Mpira ukamtoka mikononi. Hakuuokota. Niliuokota mimi, nikauweka chini ya kitanda.

Nyirabahire si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa analima shamba letu pamoja na lake tangu Niyonsaba alipolala. Aliogopa tu, na yeye akiogopa anapiga kelele.

Siku ya mechi na shule ya Nyaishozi nilikwenda na wazazi wengine kupeleka chakula cha watoto. Niyonsaba mwenyewe ndiye aliyenituma. "Nenda, Mama," aliniambia. "Kaniangalizie mikono yangu huko." Ndivyo alivyokuwa anaiita mikono ya Nikuze.

Mpira ulipotoka mara ya kwanza, Nikuze aliuchukua, akauweka kifuani na kuusukuma mbele. Refa, mzee Byarugaba, akapuliza filimbi na kuwapa wapinzani mpira. Ulipotoka tena, alifanya vilevile, na filimbi ikalia tena. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakaanza kumcheka.

"Anarusha kama anamwaga maji ya vyombo!"

"Maji ya vyombo yangefika mbali kuliko huo!"

Nikuze aliinamisha kichwa na kukimbilia nafasi yake. Hakulia. Afadhali angelia.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Avelina alinifuata nilipokuwa nafungua majani ya migomba niliyofungia ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hebu niambie, mtoto anakosea nini? Nilisikia wanaorusha pembeni wanaruhusiwa kushika."

Alitabasamu, si kwa kunicheka. Akachukua mpira, akasimama kwenye mstari na kunionyesha taratibu, kana kwamba kipindi cha pili nitacheza mimi.

"Wanaruhusiwa, Bibi. Anatazama uwanjani. Miguu yote miwili inakaa chini, kwenye mstari au nje yake, hata mmoja usiinuke. Anashika kwa mikono yote miwili. Halafu mpira lazima uanzie nyuma ya kichwa na upite juu ya kichwa. Ukianzia kifuani ni kosa, wanapewa wenzao."

Alipoipeleka mikono yake kisogoni na ule mpira, nilimshika kiwiko na kukishusha kabla sijajua ninafanya nini. Hapo nikaelewa.

"Mwalimu," nikamwambia, "ana mgonjwa nyumbani."

Avelina ni mtu wa Muleba, si wa asili ya Rwanda kama sisi, lakini sikuhitaji kuongeza neno. Aliuangalia mpira, kisha akamwangalia Nikuze, aliyekuwa amekaa peke yake.

"Hata mimi mama alikuwa ananikemea nikishika kichwa," akasema. "Basi atarusha Tuyizere. Nikuze abaki kwenye ulinzi. Sitamuuliza kitu, Bibi."

Na kweli hakumuuliza. Alimpelekea ndizi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Tulifungwa. Tulipofika nyumbani, Nyirabahire alikuwa anachambua maharage kando ya kitanda cha Niyonsaba. Habari ilikuwa imetutangulia kwa bodaboda.

"Mwanao amepigiwa filimbi mpaka refa kaishiwa pumzi," alimwambia Niyonsaba.

Niyonsaba alicheka kidogo, akamnyooshea Nikuze mkono. "Njoo. Nionyeshe unavyorusha."

Nikuze akautoa mpira chini ya kitanda, akaushika kifuani.

"Mwaka jana hukuwa unarusha hivyo."

"Nimebadilisha."

"Mbona refa hajabadilisha?"

Nikuze akawa anaugeuza mpira mikononi. Nyirabahire akaacha maharage. "Mwache mtoto. Unataka akuitie kifo humu ndani?"

"Shangazi," Niyonsaba akasema polepole, "kifo hakijaitwa na mtu. Kimekuja chenyewe."

Nilitaka kumzuia, kisha nikaona ni nyumba yake na ni mtoto wake. Nikakaa chini.

"Nikuze, mwanangu, nitakufa," alisema. "Ukiinua mikono nitakufa, na usipoinua nitakufa. Hospitali wameshindwa. Sasa mikono hiyo mimi ndiye niliyekuzaa nayo. Nataka niione ikirusha wakati macho yangu bado yanaona. Ya kunililia utainua baadaye. Hiyo sitaiona."

Nikuze aliuacha mpira sakafuni, akatoka mbio kuelekea kwenye migomba. Nyirabahire akainuka amfuate, nikamshika kanga. Kuna kulia kunakotaka migomba tu. Jua lilipotua alirudi na majani makavu ya kutandikia, akamwosha mama yake miguu kama kawaida.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha alasiri moja, ametoka shule, hajavua hata sare, akaniuliza:

"Bibi, mama anaweza kutoka nje?"

Tulimtoa mimi na Nyirabahire, tukamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani, karibu na turubai la kahawa iliyoanikwa. Alikuwa mwepesi kuliko tenga tupu. Nikuze akachora mstari kwenye udongo kwa kidole cha mguu, akasimama nyuma yake. Akainua mpira, na mikono ikaenda mpaka kisogoni, ikakaa huko. Macho alikuwa ameyafumba.

"Fumbua macho," Niyonsaba akasema. "Unamrushia nani usiyemwona?"

Akafumbua. Akarusha.

"Mguu!" nikapiga kelele, maana niliuona wa kushoto umeinuka.

Niyonsaba alicheka mpaka akakohoa. "Jamani, mama yangu amekuwa refa!"

Mpira uliangukia kwenye kahawa na kuitawanya. "Mnachezea kahawa ya watu," Nyirabahire alinung'unika. Lakini aliuokota, akaupangusa kwa kanga yake, akamrudishia mtoto.

"Tena," Niyonsaba akasema.

Akarusha tena, na tena. Miguu ilitulia chini. Mpira ulikuwa unapita juu ya turubai lote na kugonga shina la mgomba upande wa pili, na kila ukigonga Niyonsaba alipiga makofi mepesi ambayo hayakuwa na sauti. Alipochoka alimwita Nikuze, akamshika mikono.

"Unaona?" akamwambia. "Umeinua, na bado nipo hapa."

Alifariki kabla hatujavuna maharage ambayo Nyirabahire alitulimia. Ilikuwa asubuhi, Nikuze yuko shuleni. Mwalimu Avelina alimleta nyumbani kwa miguu, amemshika mkono, yeye mwenyewe amebeba mkoba wa mtoto. Nikuze alipoingia uani akaona watu, alijitwika mikono kichwani. Siku hiyo hakuna aliyemwambia ashushe. Nyirabahire alikwenda kusimama kando yake, naye akajitwika yake.

Matanga yalipokwisha na wageni wakaondoka, tulikuwa jikoni sisi wawili, tunamenya ndizi. Nikuze akasema bila kuniangalia:

"Bibi, nisingerusha siku ile, angekaa kidogo?"

Neno lililonijia kwanza lilikuwa kwamba mama yake alikuwa anamngoja arushe, kisha apumzike. Ni neno zuri, na watu walikuwa wamelisema msibani wakidhani wananifariji. Lakini nililigeuza kichwani kabla ya kulitoa, nikaona lina mwiba. Kama alikuwa anangoja, basi mtoto angekataa kurusha, mama yake angeendelea kungoja na kuishi. Nikalimeza.

"Hapana," nikamwambia. "Ugonjwa haukuwa unatazama mikono yako. Ulikuwa na kazi yake, na ungeimaliza siku ileile."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaendelea kumenya. Niliona hajaamini.

Sasa amerudi kwenye mpira. Avelina hakumlazimisha. Alikuja tu Jumamosi kadhaa kutusaidia kuvuna maharage, hakuja na mpira wala hakuutaja, mpaka Nikuze mwenyewe akamuuliza mazoezi ni saa ngapi. Juzi walicheza kule Omurushaka, nikapanda bodaboda kwenda kumwona. Alisimama nyuma ya mstari, miguu chini, mpira nyuma ya kichwa. Filimbi haikulia. Tuyizere aliupokea mbele ya goli na watu wakashangilia, hata wale vijana wa maji ya vyombo.

Nikuze peke yake ndiye hakushangilia. Tulirudi nyumbani. Nilipokuwa napakua chakula akaja kusimama mlangoni.

"Bibi, una hakika angekufa tu?"

"Nina hakika, mjukuu wangu."

Huniuliza kila baada ya mechi. Mimi namjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, nisije nikabadilisha neno akaona penye ufa. Nyirabahire anasema nimkataze, kwamba mtoto anachokonoa kidonda. Sitamkataza. Leo pia nimemwekea sahani yake, amekaa karibu yangu, anakula kidogo kidogo. Akiuliza tena kesho, nitamjibu.