Suti Iliyobaki Nyumbani

Aliyewalipia safari ile alikuwa binti yao. Alifanya kazi katika duka la dawa kwenye mji mwingine, na kila alipokuja kuwatembelea wazazi wake alikuta nyumba imezidi kupoa. Baba yake, fundi wa lifti aliyestaafu, ambaye jengo zima lilimwita Mzee Lifti, alishinda roshanini akifungua na kufunga redio isiyokuwa na kasoro yoyote. Mama yake, mkunga ambaye naye alikuwa ameshaagana na wodi, alishinda jikoni akisugua sufuria zilizokwisha kung'aa. Walisemeshana kwa mambo ya lazima tu: dawa ya presha imekwisha, maji yamekatika, mlango haujafungwa vizuri. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Basi jioni moja binti akaketi katikati yao kwenye kochi, akafungua simu, akawaonyesha picha ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lao.

"Wiki nzima baharini," akasema. "Mtakula, mtalala, mtaangalia maji. Na msiniambie hapana, nimeshalipa."

"Lifti zake anazitunza nani?" baba akauliza, akiisogeza simu karibu na miwani.

Mama alicheka kidogo, na binti akapata moyo. Akaanza kuwasomea mambo ya mavazi. Mchana mtu avae apendavyo. Jioni za kawaida, nguo safi na viatu vya kufunika. Lakini jioni ya tatu kulikuwa na chakula rasmi, nahodha mwenyewe anapita kusalimia wageni. Wanawake wavae magauni marefu, wanaume suti na tai, na asiye na koti hapiti mlangoni.

"Makubwa! Kula kwenyewe mpaka na tai?" mama akasema. "Supu ikimwagika je?"

"Mimi nitakufa na tai shingoni," baba akatania. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Hilo lisiwape taabu. Suti ninayo."

Kicheko kikakatika. Binti akaizima simu. Mama akainuka, akaenda jikoni, na maji ya bomba yakasikika yakimwagika kwa muda mrefu bila chombo chini yake.

Suti yenyewe ilikuwa ya kijivu kilichokolea, na ilishonwa miaka michache nyuma, mwana wao wa kiume, kifungua mimba wao, alipokuwa anajiandaa kuoa. Maisha yake yote Mzee Lifti alikuwa mtu wa ovaroli. Mwanawe akamwambia, "Baba, siku hiyo sitaki kukuona na bisibisi mfukoni." Wakaenda kwa fundi cherehani wawili peke yao, wakachagua kitambaa, wakabishana juu ya upana wa suruali, wakarudi nyumbani wanataniana kama watu wa rika moja.

Wiki ya harusi, kijana akiwa anatoka kukagua ukumbi, lori lilikatika breki kwenye mteremko likamkuta barabarani. Watu walioalikwa kula na kucheza wakaja kuzika. Na baba, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya heshima, alisimama kando ya kaburi kwa suti ile ile mpya, mkunjo wa pasi ya fundi ukiwa bado haujalegea.

Baada ya hapo suti ikatundikwa kabatini. Mzee kila alipoiona alikumbuka kioo cha kwa fundi, na mwanawe nyuma yake akimnyoosha mabega. Mkewe kila alipoiona aliona udongo kwenye pindo za suruali, ingawa aliusugua mwenyewe hadi ukatoka wote. Hilo hawakuwahi kuambiana.

Siku ya kufunga mizigo, mzee aliikunja suti kwa uangalifu, akailaza chini kabisa ya begi, akatoka kwenda kumwachia jirani ufunguo. Mkewe akabaki amesimama mbele ya begi. Kisha akapiga magoti, akaitoa, akairudisha kabatini. Mahali pake akaweka shati jeupe jipya na sweta la bluu, akafunga zipu. Alijiambia kwamba mambo ya huko yatajulikana huko huko.

Siku mbili za mwanzo melini zilikuwa njema kupita walivyotarajia. Chumba chao kilikuwa na kitanda, kidirisha cha duara na bafu ambamo mtu hawezi kugeuka bila kugonga kiwiko. "Hiki si chumba, ni lifti ya mizigo," mzee alisema, na mkewe akacheka mpaka akakaa kitandani. Walizunguka sitaha wameshikana mikono, ingawa kisa kilikuwa meli kuyumba. Kila walipopanda lifti mzee alitega sikio ukutani, akatikisa kichwa au akaguna kwa kuridhika, na mkewe akamfinya asiwaaibishe mbele za watu.

Jioni ya tatu ilipowadia, mkunga alitoka bafuni amevaa gauni refu la zambarau ambalo binti alimchagulia. Alimkuta mumewe amepiga magoti sakafuni, nguo zote za begi zimetapakaa kitandani.

"Mama, suti umeiweka wapi?"

"Iko nyumbani."

"Nyumbani wapi, na mimi niliipakia kwa mikono yangu?"

"Niliitoa."

Mzee akainuka taratibu, mkono mmoja ukishika ukingo wa kitanda. "Kwa nini?"

"Nguo ya mazishi haiendi kwenye karamu, mzee wangu. Nisingeweza kumeza kitu nikiitazama."

"Ya mazishi?" Alilirudia neno lile kana kwamba amelisikia kwa mara ya kwanza. "Ile ni suti ya harusi."

"Harusi gani?"

Neno lilimtoka mkunga kabla hajalipima. Akatamani kulirudisha, lakini lilikuwa limeshafika. Mzee hakupandisha sauti. Alianza kurudisha nguo begini, moja moja. Alipofika kwenye sweta la bluu alilishika, akalitazama, akaliweka juu ya mto.

"Nenda ukale," akasema. "Umependeza. Nenda."

Akaenda. Alikwenda kwa ukaidi, na kwa aibu pia, kwa sababu kubaki mle ndani kungemlazimu aseme jambo.

Ukumbi wa chakula ulijaa taa na harufu ya manukato. Mhudumu alimwongoza hadi meza ya watu wanne, ambapo daktari wa meno mmoja na mkewe walikuwa wameshaketi. Daktari alikuwa mnene na mchangamfu. Mkewe alivaa hereni zilizocheza kila alipogeuza shingo. Walimkaribisha kwa moyo mweupe.

"Na mzee wetu?" mke wa daktari akauliza, akikitazama kiti kilichokuwa wazi.

"Bahari imemchafua tumbo kidogo."

"Ah, pole zake. Sisi tumeletwa na watoto, wanne wote walichanga. Nyinyi mna watoto wangapi, dada?"

Swali lile mkunga alilijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Siku zote alijibu wawili, na siku zote lilifuata swali la wako wapi, kisha maelezo, kisha nyuso zinabadilika na mikono ya watu asiowajua inamwangukia mabegani. Jioni ile alikuwa amechoka.

"Mmoja," akasema. "Wa kike."

"Mmoja tu! Basi huyo amedekezwa huyo."

"Sana," mkunga akasema, akatabasamu. Supu ikaletwa. Alitia kijiko, akakiinua, akakirudisha bakulini.

Hapo ndipo alipomwona mumewe mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe, limefungwa vifungo hadi shingoni, nywele zimelainishwa kwa maji. Mhudumu wa mlango alimwinamia kwa adabu, akamsogeza pembeni, akafungua kabati dogo la ukutani na kutoa koti jeusi, moja ya yale wanayowawekea wageni waliokuja bila koti. Akamshikia alivae pale pale, mbele ya watu waliokuwa wakipita. Mikono ya koti iliishia juu ya vifundo vya mikono yake. Mkunga alitaka kuinuka amfuate, lakini akabaki kitini. Akamtazama mumewe akikata katikati ya meza, mikono ameificha nyuma, akitabasamu kwa kila aliyempisha.

"Karibu, karibu mzee mwenzangu!" daktari akamvutia kiti. "Tumbo limetulia? Naona na hapo mlangoni wamekunasa. Mzigo ulipotea njiani?"

"Haukupotea." Mzee aliketi, akatandaza kitambaa mapajani. "Suti ninayo, nzuri tu. Imebaki nyumbani. Niliishonesha kwa ajili ya harusi ya mwanangu."

"Oho, hongera!" mke wa daktari akapiga makofi kidogo. "Kumbe binti ameshaolewa?"

"Si binti. Kijana wangu. Wa kwanza."

Hereni zikatulia. Mke wa daktari akamgeukia mkunga, si kwa ubaya, ni kwa kutoelewa tu. "Lakini dada, si umesema mnaye mmoja?"

Mkunga akakitazama kijiko chake. Alihisi macho ya mumewe yakimpata upande wa shavu, na hakuweza kugeuka. Kwenye meza ya jirani watu walikuwa wakigonganisha glasi.

"Alifariki," mzee akasema hatimaye, akiwaambia wenyeji wa meza. "Wiki ile ile ya harusi." Akachukua mkate, akaumega, akausahau mkononi.

"Poleni," daktari akasema. "Poleni sana jamani." Mkewe akanyoosha mkono hadi kwenye bega la mkunga, akauacha pale, mzito na wenye joto.

Wakati huo huo nahodha, amevaa sare nyeupe pe, akafika mezani kwao na tabasamu lake la kazi. "Wageni wetu, mnaifurahia safari?" Mzee Lifti akasimama kumpa mkono, na mkono wa koti ukapanda karibu hadi kiwikoni.

"Sana," akajibu. "Sana, nahodha."

Samaki waliletwa wakaondolewa vilevile walivyokuja. Walipoaga, mzee alilivua koti mlangoni, akalikunja, akamrudishia mhudumu kwa asante. Wakatembea hadi mbele ya lifti, kwenye zulia nene lililomeza sauti ya viatu. Mzee hakubonyeza kitufe.

"Umemtoa kwenye hesabu," akasema.

"Mzee wangu..."

"Hata mimi sisemi. Sawa, sisemi. Lakini sijamtoa."

Mkunga aliegemea ukuta. Gauni la zambarau lilimbana kifuani, akatamani kulivua pale pale. "Nimechoka kuhurumiwa," akasema. "Nikisema wawili, wanauliza yuko wapi mwingine. Nikieleza, wananiangalia kama kidonda. Nilitaka mlo mmoja tu. Mlo mmoja niwe mtu kama watu."

Wapita njia waliovaa vizuri wakawasalimia, nao wakaitikia kwa pamoja, kwa mazoea ya miaka.

"Mimi nilitaka kukaa mle ndani kwa suti ile," mzee akasema walipopita, "nahodha akija, muziki ukipigwa, nijifanye ndiyo siku yenyewe. Nilijua ni upuuzi. Ndiyo maana sikukwambia."

Mkunga akafunga macho. Alikuwa amewasimamia wanawake wengi wakipiga kelele, akawaambia wapumue, na daima alijua la kufanya baada ya hapo. Sasa hakujua. Alimshika mumewe mkono wa shati, pale kwenye kifundo, na mumewe hakuuondoa, lakini pia hakumshika. Wakashuka kwa ngazi.

Asubuhi yake mvua ilinyesha bila kupumua. Kipaza sauti kilitangaza kwamba bandari waliyokuwa washukie haitafikika, bahari imechafuka, wageni wavumilie. Watu wengi walirudi vyumbani kulala. Wao wawili wakapanda kwenye kantini ya kujipakulia, wamevaa kandambili na nguo za kushindia, wakakaa karibu na dirisha ambalo halikuonyesha chochote isipokuwa maji yakiteremka juu ya maji. Mke wa daktari wa meno alipita na sahani yake, akasita, akawapungia mkono kwa mbali, akaenda kukaa upande mwingine. Mkunga akamshukuru moyoni kwa hilo.

Walikunywa chai. Kisha mkunga akasema, "Hebu niambie. Hiyo siku yenyewe ulikuwa unaionaje?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeitwa na mgeni.

"Siku gani?"

"Ya harusi. Ya mtoto wetu." Akalitaja jina la mwana wao. Lilitoka na mkwaruzo.

Mzee akazungusha kikombe kwenye kisahani. "Nilikuwa na hotuba," akasema. "Fupi tu. Aliniambia nisizidi dakika mbili, mimi nikitia maneno huwa sishiki breki." Neno hilo la breki likamkwama, akakohoa. "Na nilijua ningelazimika kucheza na mama mkwe wake. Nilikuwa nafanya mazoezi, roshanini, ukishaingia zamu."

"Wewe? Kucheza?"

"Na kiti."

Mkunga alicheka, na mzee akacheka naye, na katikati ya kicheko uso wa mzee ukavunjika. Alilia bila kujifunika, mabega yakitikisika ndani ya sweta la bluu, machozi yakidondoka mezani kati ya makombo. Hakuwa amelia kaburini, wala baadaye, wala mkewe hakuwa amewahi kumwona akilia tangu waoane. Mkunga akavuta kiti chake, akazunguka nacho meza, akakaa bega kwa bega naye, wote wawili wakitazama dirisha.

Msichana wa kufuta meza akafika na kitambaa chake chenye maji. Aliwatazama, akataka kupita, kisha akaona makombo.

"Samahani wazee wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mnaweza kuinua vikombe?"

Wakainua vikombe. Akafuta, akaenda.