Maji Mekundu ya Mama Sijaona

Wewe unayenisikiliza, ulishawahi kuchukiwa kwa sababu ya rangi ya maji? Siyo kwa kabila lako, ingawa mwaka ule wa elfu mbili na nne pale Bujumbura hilo nalo lilitosha. Kwa maji tu.

Mama Sijaona alikuwa mtia rangi vitambaa huko Buyenzi, kazi ya miaka thelathini. Alikuwa na mapipa matatu uani: la buluu, la manjano, na lile jekundu lililopendwa na maharusi. Maji yaliyobaki aliyamwaga kwenye mfereji, yakateremka mbele ya milango saba, yakazunguka mpaka garaji ya Massoudi iliyopakana na ua wake kwa nyuma. Zamani hakuna aliyejali. Lakini vita vilipoingia mjini watu waliona mfereji ule ukipitisha wekundu mwingine, na tangu hapo kila alipomwaga pipa wanawake waliwavuta watoto wao ndani, wakafunga milango kwa kishindo ili asikie.

Massoudi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Alizunguka nyumba zote saba akichukua majina na alama za vidole gumba, akapeleka karatasi kwa Marcellin, shefu wa mtaa. Marcellin akaamua: Ijumaa baada ya swala maji yatoke meupe, la sivyo kazi ifungwe. Na bila kazi ile Sijaona angelazimika kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, aende kubanana kwa dada yake huko Rumonge.

Mpwa wake Lubna, mwalimu wa kemia kwenye lise moja, akasema dawa ipo. Aliloweka unga wa chuma katika asidi ya betri mpaka povu likatulia, halafu akachanganya na maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa. Alimweleza shangazi yake kwamba majani yanakizaa chuma upya, punje ndogo zisizoonekana kwa jicho, nazo zikikutana na maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda, huivunjavunja rangi.

"We mutoto, rangi mi naijua kukupita," Sijaona akamjibu. "Rangi haivunjiki. Inashika."

Jumatano Lubna aliacha ndoo ya dawa ile imefunikwa, akaomba isiguswe. Alhamisi Sijaona akafunua. Maji yalikuwa meusi tii. Akasonya, maana mtu aliyetaka kufuta rangi alikuwa amepika nyingine. Mtia rangi yeyote anajua majani na kutu vinazaa nini. Alichovya pembe ya kitambaa, ikashika vizuri, nyeusi isiyohitaji unga wa rangi wa sokoni. Kabla ya adhuhuri shungi sita zilikuwa kwenye kamba.

Asubuhi ya Ijumaa Lubna alifika na chupa za maji ya oksijeni kutoka famasi, akakuta ndani ya ndoo kumebaki kama maji ya kuoshea vyombo.

"Tanti, umetia nguo rangi kwa dawa?"

"Iliharibika. Mi nimeokoa kilichookoleka."

"Weusi ndio dawa yenyewe."

Walirushiana maneno ambayo sitayasema hapa. Unga wa chuma na asidi vilikuwapo, majani ya mpera yameisha. Sijaona akaenda kuomba kwa Zubeda, jirani mwenye mpera. Zubeda akamwambia mti wake si wa wachawi, akafunga mlango. Basi wakachemsha majani ya chai, pakiti yote ya nyumba. Massoudi akapanda juu ya tairi, akachungulia juu ya ua.

"Mama Sijaona, hiyo chai ya kutuaga? Usisahau sukari."

Lubna akamimina dawa mpya ya chuma na chai pamoja na zile chupa zake ndani ya pipa jekundu. Sijaona akakoroga kwa mti wake wa kutilia rangi. Wekundu wa pipa ukawa rangi ya chungwa, halafu chai hafifu, halafu kutu ikashuka chini polepole. Lubna akachuja maji kwenye ndoo safi kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Baada ya swala walikuja, nyumba saba na Marcellin mbele. Marcellin akajaza glasi, akaiweka juu ya ile karatasi ya malalamiko, akasoma majina yote kupitia maji bila kukosea hata moja. Lubna akasema wazi kwamba si ya kunywa, ila rangi imetoka. Ndoo ikamwagwa. Maji yakapita milango yote saba na hakuna mtoto aliyevutwa ndani.

"Hata yangekuwa maziwa, apana," Massoudi akasema. "Afunge."

"Na ile oli ya magari yako, nani anaifunga?" Zubeda akamuuliza, maana alipenda ugomvi kuliko upande wowote. Watu wakacheka vibaya.

Marcellin akaikunja karatasi, akamrudishia. "Massoudi, uliandika maji, na maji ndiyo haya. Sasa we unataka nini?"

Massoudi akatazama chini, akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa mikavu. Macho yake yakapima lango, mapipa, mpaka ukuta wa nyuma.

"Kiwanja," akasema mwishowe. "Maji hayakunisumbua hata siku moja. Nilitaka huyu mama ahame, gari zangu ziingie hapa."