Nyumba ya Mwenye Mke

Ngalula alipopanda gari-moshi kwenda matanga ya mama yake huko Kasai, alimwachia mumewe Ngeleka chungu cha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, jikoni na mbwa mlangoni. Sombe iliisha wiki ile ile. Mbwa alibaki. Ngalula hakurudi.

Mwanzoni Ngeleka alisema matanga ya kwao huwa marefu, na hapo hakusema uongo. Kisha akasema labda mvua imeharibu njia. Mwishowe msafiri mmoja aliyetoka Luluabourg akamweleza, huku akitazama viatu vyake mwenyewe, kwamba Ngalula ameolewa huko na seremala, na ana mimba. Ngeleka alimshukuru kwa habari, akampa maji ya kunywa, akaingia ndani kulala. Hakulia. Alikuwa mtu wa makamo, na kazi yake ya kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa ya mawe ya shaba ilimla nguvu zote. Hata za kulia hazikubaki.

Mbwa yule aliitwa Kapitula, kwa sababu mwili wake ulikuwa wa rangi ya vumbi lakini mapaja yake yalikuwa meusi, kama mtu aliyevaa kaptula. Ngalula ndiye aliyemwokota nyuma ya kantini, akamlea kwa maji ya wali. Sasa kila jioni king'ora cha kazi kikilia, Kapitula alikwenda kukaa kwenye kona ya nyumba ya mwisho ya mstari, akimngoja Ngeleka atokee na kinga, baiskeli yake. Hakurukaruka wala hakubweka. Aliinuka tu, akatembea kando ya gurudumu mpaka nyumbani. Ngeleka alipika bukari, ugali wa kwao, wakala, wakakaa. Hakuna aliyemuuliza kazi imekwendaje. Miaka ikapita hivyo, na Ngeleka hakuona ubaya wake.

Ubaya uliletwa na Mulumba, karani wa ofisi ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, kiangazi kimeiva, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye meno ya watu. Mulumba alisimama kizingitini na kofia yake mkononi, kwa maana hakuwa mtu mbaya.

"Tata Ngeleka," alisema, "shefu wa kambi anauliza, mama wa hii nyumba iko wapi?"

"Alienda Kasai."

"Atarudia lini?"

Ngeleka akamkuna mbwa sikio.

"Unaona? Hii ni nyumba ya mutu mwenye bibi na batoto. Iko batu bengi banaingoya. Mvua ikianza, utahamia kule kwa baselibateri, batu habana bibi. Kule munalala bane mu chumba kimoya. Na imbwa, tata, kule hapana."

"Na nikipata bibi?"

"Ukipata bibi, maneno inaisha," alisema Mulumba, akavaa kofia yake.

Ndivyo Ngeleka alivyoanza kutafuta mke, ili asitenganishwe na mbwa. Jambo hilo hakulisema kwa mtu, na hata yeye mwenyewe aliliona kwa jicho la pembeni tu.

Jirani yake, Mama Mado, hakuhitaji kuambiwa. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba na masikio yake mazuri. Kesho yake alikuja na bakuli la mboga na jina la mwanamke. Simone, mjane, Mkasai kama Ngeleka, Mkatoliki, mtu wa makamo asiye na makelele. Alikaa mtaa wa Kapata kwa kaka yake.

"Utaenda Siku ya Mungu, nyuma ya misa," Mama Mado aliamuru. "Unavaa shimizi ya pasi. Na ile imbwa unaifunga. Mutu haende kuposa na imbwa."

Ngeleka akaenda. Akaenda na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Mtu asiyewahi kuchumbia akiwa na mgongo unaouma hajui ile ni kazi ya namna gani. Jumamosi ilikuwa ya kufua shati na kulipiga pasi ya makaa, wakati viungo vyote vinadai kitanda. Jumapili ilikuwa ya kuendesha kinga njia yote ya Kapata, kupangusa viatu kwa jani kabla ya kubisha hodi, kisha kukaa kwenye kiti kigumu na kutafuta maneno. Alimsimulia Simone habari za magurudumu. Simone alimsimulia habari za cherehani. Alikuwa na sauti ya chini na mikono isiyotulia, na alipomkaribisha maji alipiga goti kidogo kwa heshima. Ngeleka alimpenda kiasi cha kumwonea huruma kwa kupoteza Jumapili zake. Aliporudi nyumbani na kumfungua Kapitula kamba, alivua viatu na kuhisi kama mtu aliyetoka zamu mbili.

Jumapili moja kamba ilikatika. Ngeleka alikuwa ameketi uani kwa kaka yake Simone, Simone akija na sinia ya karanga, mara Kapitula akapenya kwenye ua, ulimi nje, amefuata harufu ya kinga njia nzima. Hakufanya neno. Alikuja kulala chini ya kiti cha bwana wake. Lakini sinia ilianguka, na Simone alikuwa tayari amefika ukutani, mgongo umeshikamana na matofali.

"Itoshe!" alisema. "Itoshe inje, tata, tafazali!"

Ngeleka akamshika mbwa shingoni, akamtoa nje, akamfunga kwenye mti wa mbali. Aliporudi, Simone alikuwa ameketi chini akiokota karanga moja moja. Bila kumtazama, akapandisha kitenge chake kidogo. Nyama ya mguu, chini ya goti, ilikuwa na shimo, na ngozi juu yake iling'aa.

"Bwana yangu alikuwa mupishi kule kwa bazungu," alisema. "Siku moya nilimupelekea shimizi yake. Imbwa ya kwao ilinikamata kwa mulango. Muzungu alikuwa naiangalia. Aliita jina yake pole pole, sawa vile mutu anaita mutoto wake kula."

Ngeleka akachutama, akaokota karanga pamoja naye.

"Mi sina maneno mubaya na wee," akaendelea Simone. "Uko mutu wa kimya, na mi napenda kimya. Lakini ile imbwa na mi hatutalala mu nyumba moya. Hata kama ni muzuri namna gani."

Ngeleka alikubali kwamba Simone ana haki. Njia nzima ya kurudi alikubali, na mbwa akitembea kando ya gurudumu.

Mama Mado alikuwa na dawa tayari. Shemeji yake alilima mahindi huko Kasaji, na nyani walikuwa wanammaliza. Angemchukua Kapitula kwa mikono miwili. Mbwa angekula vizuri, angekimbia shambani, angeacha vumbi hili la shaba linalomkohoza. Padri angetangaza ndoa. Mvua ingekuta mambo yametengenea. Hakukuwa na kosa hata moja katika mpango ule. Ngeleka alilitafuta wiki nzima, akiinamia magurudumu, na hakuliona.

Basi siku yake ya mapumziko akamchukua Kapitula hadi stesheni. Shemeji wa Mama Mado angempokea kule mwisho wa safari. Ngeleka akaketi kwenye benchi na tikiti ya mbwa mfukoni, mbwa akamlalia juu ya kiatu. Gari-moshi likaingia, watu wakapanda na kuku wao na mafurushi. Ngeleka alijiambia, simama. Kichwani mwake hakukuwa na mbwa, hilo ndilo lililomshangaza. Alimwona Simone jikoni kwake, akimngoja aseme neno. Aliona Jumapili zote zikigeuka kuwa siku za kawaida: kuulizwa umelalaje, kuuliza umelalaje, kujifunza chumvi anayoipenda, kukasirikiana, kupatana, kuanza tena yale yote aliyoyaanza na Ngalula alipokuwa kijana mwenye nguvu. Hakukuwa na ubaya katika mambo hayo. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Gari-moshi likapiga filimbi, likaondoka kuelekea magharibi.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kapata, akamfunga mbwa mbali kabisa na ile nyumba, akamwita Simone nje.

"Wee unatafuta bibi ju ya nini, tata Ngeleka?" Simone aliuliza, kwa kuwa alikwisha kusoma uso wake. "Sema kweli tu."

"Ju ya nyumba. Banataka kunitosha mule. Na kule kwengine banakataza imbwa."

Simone akacheka, kicheko kikavu. "Kumbe! Unaoa bibi ju imbwa ipate fasi ya kulala."

"Njo vile. Unisamehe, mama."

Simone akageuka kutazama mlango. Ndani, watoto wa kaka yake walikuwa wakigombana.

"Mi pia nilikuwa natafuta mulango," alisema. "Hapa nalala mu sitoo, na batoto banapita juu yangu asubui. Tulikuwa tunaenda kudanganyana shiye bawili." Kisha akauliza, "Kama sikukuwa na hii alama kwa muguu?"

"Ningekuoa. Na ningekuwa nachoka, na wee ungekuwa nachoka."

"Batu bengi banachoka hivyo na banazeeka pamoya, tata. Haiko kitu kibaya sana."

Maneno yale yalimwingia Ngeleka. Simone akamtakia safari njema na kuingia ndani.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Ngeleka alikabidhi ufunguo kwa Mulumba na kuhamia kwenye chumba cha kupanga nje ya kambi, nyuma ya nyumba ya fundi nguo aitwaye Polycarpe. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi, mbali na kazi, hivyo ilimbidi aamke giza lingalipo. Mama Mado hakumsemesha kwa miezi mingi.

Kiangazi kilichofuata Simone aliolewa na mgane mmoja wa Sandoa, mwenye lori na nyumba yenye vyumba. Ngeleka alialikwa, akaenda. Alikula, alipiga makofi, na akafunga mifupa katika kitambaa chake. Bibi harusi alipopita karibu naye alisimama.

"Imbwa iko muzima?" aliuliza.

"Inakohoa, lakini inakula."

"Aya," alisema Simone, na Ngeleka aliona kwamba hakuuliza kwa kejeli.

Polycarpe, aliyekuwa kando yake, alimgusa kiwiko. "Kaka, leo ungekuwa wee pale mbele."

"Najua," alisema Ngeleka.

Kuna Jumapili aliyakumbuka maneno ya Simone, ya watu kuchoka na kuzeeka pamoja, akayageuzageuza, akaona huenda yalikuwa kweli. Hakuyabishia. Mvua iliporudi, bati lilivuja juu ya kitanda. Akakisogeza hadi ukuta wa pili. Kapitula akaamka kwa shida, akakifuata, akajilaza tena.